Maji ya Kiwanja Chako Yanashukia kwa Nani?

Bujumbura inakua kwa kumega mashamba. Wapima ardhi wanapigilia vigingi kwenye shamba la mihogo, barabara za udongo zinachorwa, viwanja vinapata wenyewe, na baada ya misimu michache ya mvua mabati na saruji vimefunika ardhi iliyozoea kunywa maji. Ndivyo ilivyokuwa Carama, ndivyo ilivyokuwa Kajiji, na ndivyo inavyoendelea kuwa Gihosha kila anapopatikana mwenye shamba aliye tayari kuuza. Mvua inanyesha kama zamani. Kilichobadilika ni kwamba maji hayaingii tena ardhini, na kwa sababu mji wetu umelala kwenye mteremko kutoka milima ya Mumirwa hadi Ziwa Tanganyika, maji yanayokosa pa kuingia lazima yamfikie mtu aliye chini.

Hoja ya mjadala huu ni moja. Anayegawa shamba kuwa mtaa mpya, awe ofisi ya serikali au mtu binafsi, je, alazimishwe kutenga mahali pa kuyashikilia maji ya mvua kwa saa kadhaa, ili mtaa huo usitoe maji kwa kasi kuliko shamba lilivyokuwa likitoa? Kaunti nyingi za Marekani zina sharti la namna hiyo tangu miaka ya 1970. Sisi tuna Kanuni ya Maji ya mwaka 2012, iliyoweka ukanda wa kinga wa mita 150 kandokando ya ziwa, na tunayo Kanuni ya Mipango Miji, Makazi na Ujenzi ya mwaka 2016. Ninachotaka kijadiliwe ni sharti lenye namba: lita ngapi zibaki, kwa muda gani, kwenye ardhi ya nani.

Nimewaketisha wasemaji wanne. Usiwatafutie majina, kwa kuwa ni sauti za mji nilizozikusanya, na kila upande nimeupa hoja yake iliyo bora kabisa. Yupo mhandisi wa maji, binti wa umri mdogo. Yupo muuzaji wa viwanja kaskazini mwa mji. Yupo mama anayeishi Buterere, karibu na mto Kinyankonge. Na yupo mzee mwashi wa Buyenzi, aliyejenga kuta za mji huu tangu ujana wake. Mimi nitaingilia pale ninapoona hoja inapita bila kushikwa.

MHANDISI: Wazee wangu, naomba nianze na hesabu ambayo kila mtu anaweza kuifanya. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi tuchukue shamba la hekta 10, na mvua moja kubwa ya milimita 50, mvua ambayo kila mkaaji wa Bujumbura ameiona. Hapo zimeanguka lita milioni 5. Tukadirie kwamba shamba lenye mazao na nyasi linaachilia sehemu 3 katika 10, yaani lita milioni 1.5. Ukishalijenga, ukaweka mabati, nyua za saruji na barabara zilizoshindiliwa, linaachilia sehemu 7 katika 10, lita milioni 3.5. Tofauti ni lita milioni 2, sawa na mita za ujazo 2,000. Bwawa lenye kina cha mita moja na nusu linazimeza hizo kwenye eneo la viwanja vitatu na kitu vya mita 20 kwa 20. Ongeza kingo na njia ya kupita watu wa usafi, tuseme viwanja vitano. Shamba hilohilo, ukitoa barabara, linatoa viwanja kama 175. Ninaomba vitano.

MUUZAJI: Dada mhandisi, hesabu yako imenyooka, lakini kwangu viwanja vitano ni fedha, na fedha hiyo haitatoka mfukoni mwangu. Itapanda juu ya bei ya vile 170 vinavyobaki. Mnunuzi wangu ni mwalimu, ni muuguzi, ni mtu wa duka dogo aliyekopa. Ameshalipia gharama za kuandaa viwanja, barabara, mitaro, bomba la maji la REGIDESO na nguzo za umeme. Sasa mnamwongezea bwawa. Halafu nawauliza kwa heshima: maji yanayoua watu mji huu ni ya kwangu? Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, watu zaidi ya 60 walikufa na maelfu wakabaki bila nyumba, Kamenge, Kinama na Gasenyi. Maji yale yalishuka na matope na mawe kwenye makorongo kutoka mlimani. Ziwa liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na huko nyuma milima inapita mita 2,000. Mlima ule umelimwa hadi kileleni. Muulizeni anayelima, msiniulize mimi.

MAMA: Bwana, mimi sijasoma mambo ya maji, lakini naishi nayo. Kwangu yanafika maji ya aina mbili. Yako ya mlimani: mekundu, mazito, yanafika baada ya ngurumo za huko juu, na yakipita yanaacha udongo mlangoni unaotoka kwa jembe. Na yako mengine. Hayo yanafika upesi sana, mvua haijamaliza kunyesha. Yamebeba chupa za plastiki, viatu, na harufu ya vyoo. Siku hizo ukitazama mlimani ni pakavu. Maji hayo yametoka mtaani, kwenye mabati. Zamani yalikuwa ya kulowesha miguu tu. Sasa yanaingia ndani na kulowesha magodoro. Kwa hiyo usiniambie ya mlimani yanaua na mimi nikunyamazie ya mabati. Ya mlimani yanakuja mara moja kwa miaka kadhaa. Haya mengine yanakuja kila masika.

Hapo nasimama kidogo, kwa maana mama amesema jambo ambalo ripoti nyingi hulivuruga. Tukizungumzia mafuriko ya Bujumbura tunachanganya maji ya asili tatu, na kila mwenye kosa anajificha nyuma ya maji ya mwenzake. Ya kwanza ni ya mlimani, yenye matope na mawe. Ya pili ni ya mabati na saruji, ndani ya mji. Ya tatu ni ya ziwa lenyewe, ambalo mwaka 2024 lilipanda hadi karibu mita 777, kiasi ambacho hakijaonekana tangu miaka ya 1960, likaingia nyumba za Kibenga na Kinindo na kuvuruga kazi za bandari. Sharti tunalolijadili linatibu maji ya pili. Muuzaji ana haki kusema halitibu ya kwanza. Hana haki ya kusema kwamba kwa hiyo halitibu kitu.

MHANDISI: Naongeza moja. Maji ya mabati ni yale yale yanayokula kingo za mito. Mto Ntahangwa unapita katikati ya mji, na nyumba zimeangukia mtoni, Mugoboka na Nyakabiga, kipande kwa kipande. Maji mengi yakiingia mtoni kwa pamoja yanapata nguvu ya kuchimba. Maji yaleyale yakiingia kwa saa sita badala ya dakika arobaini, mto unayabeba bila kuuma ukingo. Tunaweka gabioni, yale masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, na kazi hiyo ni ya lazima pale shule au daraja limeshafikiwa. Lakini kila gabioni ya Ntahangwa ni deni la paa lililojengwa juu bila kuulizwa maji yake yanakwenda wapi.

MZEE: Mwanangu, na mimi niseme la fundi. Umezungumza bwawa. Watu wengi mjini wanayo dawa yao: shimo la kunyonya maji ndani ya uwanja. Nimechimba mengi. Unachimba mita tatu au nne, unapanga mawe bila saruji pembeni, chini unamwaga kokoto, juu unaweka kifuniko. Maji ya paa yanaingia, ardhi inayanywa. Ngagara au mtaa wa Cibitoke, penye mchanga wa mto wa zamani, linafanya kazi vizuri, mradi uweke kwanza kisanduku cha kudakia taka na udongo, na ukisafishe kila mwezi wa mvua. Asiyekisafisha, shimo lake linaziba kwa matope mepesi, na mtu akinituma nilizibue nakuta hakuna cha kuzibua, ni kuchimba upya kando. Lakini sikilizeni. Huko juu, Gihosha, Kiriri, Sororezo, Gisyo, mimi sichimbi shimo hilo hata mtu anilipe mara mbili. Udongo wa huko ukilowa ndani unateleza. Nimeona ukuta uliosimama wima asubuhi ukalala jioni, na chini yake maji yanatoka kama chemchemi mahali ambapo hapakuwa na chemchemi.

MHANDISI: Baba, umenitangulia. Ningekuwa na uwezo wa kuandika kifungu kimoja tu cha sharti hili, ningeandika hicho.

Na mimi naomba msomaji akae hapo pamoja nao, kwa sababu hapa ndipo sharti lililonakiliwa kutoka nchi nyingine linaweza kuua watu. Vitabu vya nchi tambarare vinafundisha kwamba njia bora ni kuyaachia maji ya mvua yazame ardhini papo hapo. Mteremko wa Mumirwa una udongo wa mfinyanzi juu ya mwamba uliooza, na milima hiyo imeshaonyesha tabia yake. Maporomoko ya Nyempundu, katika uliokuwa mkoa wa Cibitoke, mwezi Desemba 2019, yalizika familia usiku. Kuagiza kila nyumba ya mlimani izamishe maji yake ni kumwaga maji kwenye ufa. Huko juu maji lazima yadakwe kwenye matangi yaliyofungwa, au mabwawa yaliyosakafiwa, kisha yashushwe kwenye mtaro wa mawe na saruji wenye ngazi za kuyavunja kasi, hadi mtoni. Katikati ya mji, penye mchanga, yazamishwe. Na karibu na ziwa, Buterere ya chini, Kinindo, Kibenga, ukichimba kidogo tu unakutana na maji, na shimo la kunyonya linakuwa kisima kilichojaa. Ziwa likipanda, hata mtaro mzuri unarudisha maji nyuma. Huko sharti la haki ni fupi: ardhi hiyo isigawiwe.

Mji mmoja, masharti matatu. Atakayeandika moja kwa wote hajapanda kutoka Kinindo hadi Sororezo.

MUUZAJI: Sawa. Tuseme nimekubali bwawa. Sasa nani analilinda? Mwezi Machi 2017 serikali yenyewe ilitangaza malaria kuwa mlipuko nchi nzima. Mwanzoni mwa 2023 ikatangazwa kipindupindu hapa Bujumbura. Nyinyi mnataka nichimbe madimbwi katikati ya nyumba za watu, mbu wazae, watoto wazame, majirani watupie takataka. Mwaka wa kwanza mtapiga picha. Mwaka wa tatu litakuwa jalala, na jina langu litabaki pale.

MHANDISI: Bwawa ninalolisema siku nyingi ni kavu. Halina maji ya kukaa. Lina ukuta upande wa chini, na chini ya ukuta huo lina tundu, bomba la sentimita 20 au 30 kwa kadiri ya mtaa. Mbele ya tundu kuna wavu wa chuma ulioinamishwa, ili chupa na majani yapande juu ya wavu badala ya kuuziba. Juu ya ukuta kuna sehemu iliyopunguzwa na kusakafiwa kwa mawe, ili mvua isiyo ya kawaida ikija maji yapite pale bila kuubomoa ukuta. Mvua ikinyesha saa nane mchana, bwawa linajaa, na kesho asubuhi liko tupu. Mbu anahitaji siku saba au zaidi kutoka yai hadi kuruka. Maji yakiisha ndani ya siku moja hapati nafasi. Likibaki na maji siku ya tatu, basi tundu limeziba, na hilo ni kosa linaloonekana kwa macho ya kila jirani.

MZEE: Na udongo je? Mvua ya kwanza ya Septemba, baada ya kiangazi, ndiyo inayobeba vumbi lote la mtaa. Bwawa hilo usipolichota, baada ya misimu mitatu limejaa nusu. Kazi za pamoja za Jumamosi ni nzuri, watu wanatoka na majembe, lakini kuchota bwawa la mita za ujazo 2,000 kwa majembe ya Jumamosi hakuwezekani. Kunahitaji gari, na gari lina mafuta yake. Mwandike na fedha hiyo. Mkiisahau, mmeandika nusu.

MAMA: Mimi woga wangu ni mwingine kabisa. Nyinyi mnadhani bwawa litakufa kwa taka. Mimi najua litakufa kwa kuuzwa. Acheni kipande cha viwanja vitano kikae wazi katika mji huu miaka mitano. Kila siku kinaonekana kikavu. Atatokea mtu na karatasi, ataweka tofali, na mtasikia kwamba lile halikuwa bwawa, lilikuwa kiwanja kilichosahauliwa. Sisi tumeona viwanja vya wazi vingapi vikipotea hivyo? Likishajengwa, maji yake yanarudi kwangu, na safari hii yanakuta nilishaambiwa kwamba niko salama.

Sauti ya mama ndiyo iliyonibadilishia fikra juu ya umbo la bwawa hilo. Burundi ni nchi ndogo yenye watu wengi, na ardhi isiyo na kazi ya kuonekana kila siku haidumu. Kwa hiyo bwawa lipewe kazi ya kila siku. Chukua uwanja wa mpira wa vijana, mita 60 kwa 40. Ushushe sentimita 80 chini ya barabara zinazouzunguka, uinamishe kidogo kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Hapo umepata mita za ujazo 1,920, karibu kiasi kilekile alichokihesabu mhandisi, kwenye eneo la viwanja sita. Siku ya mvua kubwa hakuna anayecheza mpira. Siku nyingine zote kuna vijana mia wanaojua kwamba ardhi ile ni yao, na wazazi wao wanajua. Mtu wa karatasi na tofali akija, atawakuta.

Kigali imefanya jambo la ukoo huo kwa kiwango kikubwa. Bonde la Nyandungu, zaidi ya hekta 120 zilizokuwa zimechakaa, limerejeshwa kuwa hifadhi ya mjini na kufunguliwa kwa wageni mwaka 2022. Linapokea maji ya mvua, na watu wanalipa kuingia kutembea humo. Sisemi tuinakili Kigali, fedha zetu na udongo wetu ni vingine. Nasema jirani wa mlima uleule ameona kwamba nafasi ya maji inaweza kuwa nafasi ya watu.

MUUZAJI: Hilo la uwanja nalipenda, na nasema kwa dhati. Uwanja ningeweza hata kuutangaza kwa wanunuzi. Lakini bado hamjajibu jambo kubwa kuliko yote. Mimi ninapeleka ramani, ninaenda OBUHA kwa mambo ya mipango miji, ninafuata OBPE kwa mambo ya mazingira, napoteza miezi. Jirani yangu, mkulima wa upande wa pili wa barabara, anakata shamba lake vipande vitano mwaka huu, vinne mwakani, kwa karatasi za mkono na mashahidi wawili. Hana ramani, hana mtaro, hana bwawa. Bei yake ni ndogo kuliko yangu. Kila sharti mnaloniongezea linamsukuma mnunuzi kwake. Mwisho wa habari mtakuwa na mtaa mmoja wenye bwawa zuri, umezungukwa na mitaa kumi isiyo na hata mtaro. Maji ya mama yatakuwa yamepungua kwa kikombe kimoja.

Hakuna aliyemjibu mara moja, na mimi sikutaka wamjibu haraka. Katika hoja zote alizoleta, hii ndiyo yenye uzito, na nimeisoma miswada ya mipango miji ya nchi zetu inayoipita kimya. Sharti linalomshika aliyejiandikisha na kumwacha aliyejificha linalea kujificha.

MHANDISI: Nakubali tatizo, ila sikubali kwamba dawa yake ni kutokuwa na sharti. Nafikiri tumeanzia mahali pabaya. Tumeanzia kwenye mpaka wa shamba, na maji hayajui mpaka wa shamba. Yanajua bonde. Kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa, komini na watu wa mipango miji wachore njia za maji za bonde zima, kutoka mlimani hadi mtoni, na waonyeshe pale chini panapofaa uwanja mmoja wa kushikilia maji ya mashamba yote. Uwanja huo ununuliwe mapema, ardhi ikiwa bado na bei ya mihogo. Kisha kila anayeuza, awe na vipande vinne au mia nne, anapokwenda kuandikisha mauzo analipa fungu lake kwa kila mita ya mraba. Mkulima mdogo halazimiki kuchimba chochote. Anachangia. Na wewe, ndugu muuzaji, hupotezi viwanja vitano. Unachangia.

MUUZAJI: Na asiyeandikisha?

MHANDISI: Atakuwepo. Lakini siku mnunuzi wake anapotaka bomba la maji au umeme, hapo analipa fungu lile. Mtu anaweza kuishi bila ramani. Bila umeme anachoka.

MAMA: Haya, na sisi tuliokwisha kujenga? Mimi sina karatasi ya kuonyesha. Nikisikia neno sharti najua linakuja na tingatinga. Nairobi mwaka 2024, mafuriko yalipowapiga watu wa kando ya mito kama Mathare, walionusurika maji walivunjiwa nyumba kwa sababu walikuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Maji yaliwatoa mbele na serikali ikawatoa nyuma. Mkiandika sharti lenu, andikeni pia kwamba ni la mitaa mipya, na kwamba mkazi wa chini hatafukuzwa kwa kosa la maji ya mkazi wa juu. Mkitaka kuhamisha mtu kwa sababu roho yake iko hatarini, mpeni kwanza pa kwenda.

MZEE: Mama, hilo ni la haki. Ila na sisi tusiseme uongo mbele ya watoto. Yako makorongo, kama yale ya Gasenyi, ambapo mtu hapaswi kulala hata mvua moja. Mimi nimejenga nyumba za namna hiyo. Mwenye nyumba alinilipa, nami nikajenga, kwa kuwa nisingejenga mimi angejenga mwingine.

MHANDISI: Nimalizie na gharama, kwa kuwa muuzaji alianza nazo. Dar es Salaam iliacha bonde la Msimbazi lijengwe pande zote. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 mjini humo, na Jangwani, ndani ya bonde hilo, imeendelea kufunikwa na maji mara kwa mara hata barabara ya mabasi yaendayo haraka ikafungwa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo, na sehemu ya kazi ni kuwalipa watu wahame ili mto upate nafasi yake. Hiyo ndiyo bei ya viwanja vitano visivyotengwa, ikilipwa baada ya miaka hamsini. Ng'ambo ya ziwa letu, Uvira, mlima uko mgongoni na maji yako miguuni kama hapa. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukachukua watu na nyumba na daraja. Hatuhitaji kusafiri mbali kuona.

Mimi nimeshasikia ya kutosha kutoa msimamo wangu.

Sharti liwepo, na limshike anayegawa ardhi kabla hajauza, kwa sababu huo ndio wakati pekee ambapo nafasi ya maji ni rahisi. Kipimo chake kiwe alichokisema mhandisi: mtaa mpya usiachilie maji kwa kasi kuliko shamba lililokuwepo. Liandikwe mara tatu, kwa mlima, kwa mchanga wa kati, na kwa ukanda wa ziwa ambako jibu ni kutojenga. Liwe la bonde zima na uwanja wa pamoja, mchango ukatwe kwa kila mita, ili mwenye karatasi asilipie asiye nazo peke yake. Uwanja uandikwe kwa jina la komini kuwa ardhi isiyouzwa, na fungu la kuuchota udongo lipangwe kwenye bajeti ya kila mwaka kabla ya Septemba, kama alivyosema mzee. Komini za mji ni chache, na mabonde yake yanajulikana kwa majina. Kazi hiyo ina ukubwa wa kuwezekana.

Serikali ianze na viwanja vyake yenyewe. Mgawaji mkubwa wa ardhi katika historia ya mji huu ni serikali, na raia hatakubali kuchangia bonde lake akiona mtaa uliopimwa na serikali unamwaga maji barabarani.

Nalitambua pia lile ambalo sharti hili haliwezi. Maji ya mlimani yatabaki, na dawa yake ni mitaro ya kontua na majani ya malisho kwenye mashamba ya vilima, kazi ambayo mradi wa kurejesha mandhari uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2018 uliifanya huko Isare. Iendelezwe hadi juu ya kila korongo linaloingia mjini. Na uchimbaji wa mchanga na mawe kwenye mito, unaowapa mafundi kama mzee wetu kazi na kuwapa mito njaa ya kula kingo, unataka mjadala wake peke yake.

Kwako wewe unayeweka akiba ya kununua kiwanja Carama, Kanyosha au Gihosha: kabla hujatoa faranga ya kwanza, mwombe muuzaji akuonyeshe maji ya mtaa mzima yanatokea wapi na yanaishia wapi. Kisha itembee njia hiyo kwa miguu, mwezi wa Novemba au Aprili, mvua ikinyesha, usiende Julai. Waulize walio chini ya kiwanja chako, maana wao wanajua. Muuzaji akishindwa kukuonyesha njia hiyo, usinunue, na wenzako waambie kwa nini.